Asante kwa mteja: simu, WhatsApp, kadi, barua au zawadi?

Saa mbili usiku simu iliita, nikaona jina la dada wa stoo wa hoteli moja tunayoishonea sare. Nikajua vifungo vimechomoka. Kumbe ana habari nyingine: "Dada, ile barua yako leo imesomwa kwenye kikao."

Barua yenyewe nilikuwa nimeipeleka miezi mitano nyuma. Nilimwandikia meneja wake, ukurasa mmoja, karatasi yenye nembo ya karakana yetu na muhuri chini, nikimshukuru kwa jinsi dada huyu alivyobaki kazini mpaka saa tatu usiku kutupokelea aproni 240. Gari letu lilikuwa limekwama kwenye foleni ya Mbagala, naye hakutaka mzigo urudi. Meneja aliisoma, akatia saini pembeni, ikaenda kwenye faili la yule dada. Siku walipokaa kuamua kama athibitishwe kazini baada ya muda wa majaribio, mtu wa utumishi akaitoa.

Usiku uleule wa aproni nilikuwa nimemtumia na WhatsApp: "Asante sana dada yangu, Mungu akulipe." Akajibu, "Amina." Ujumbe ule ulimfurahisha, ukaishia kwenye simu yake. Barua ndiyo iliyoingia kwenye chumba ambacho mimi sikuwepo, wala yeye hakuwepo.

Wenzangu wenye biashara ndogo huniuliza ipi bora, simu au kadi, barua pepe au kikapu cha zawadi, na mara nyingi wanaanza kwa kuhesabu gharama. Mimi naanzia kwingine. Huyu mtu amekufanyia nini hasa? Na nani mwingine anapaswa kulijua hilo? Ukiwa na majibu ya maswali haya mawili, kuchagua njia si kazi ngumu tena.

Simu au ujumbe

Simu ina salamu, na kwetu salamu ni nusu ya shukrani. Ukimpigia mzee aliyekuelekeza kwa mteja mkubwa, ukaanza na shikamoo, ukamuulizia mama na wajukuu, ndipo ukasema, "Mzee, nimepiga kukushukuru," amesikia heshima kabla hajaisikia asante. Kwa mtu wa rika la wazazi wangu sitafuti njia nyingine. Kumwandikia ujumbe ni kama kumtuma mtoto apeleke salamu nyumba ya jirani ilhali miguu unayo.

Lakini simu ina mtego wake. Mtu wa ofisini akiona jina la mzabuni wake linaita, anajiandaa kuombwa. Utamsikia baada ya salamu: "Enhe, nikusaidie nini?" Hapo ndipo asante nyingi zinapoharibika. Ulipiga kushukuru, umeulizwa unataka nini, na kweli kuna unachokitaka, maana ankara ya mwezi uliopita bado haijalipwa. Unajikuta umeitaja. Kuanzia hapo, kila akiikumbuka simu ile, anakumbuka kwamba ulikuwa unadai. Mimi jibu langu ni moja na nimejizoeza kulisema bila kusita: "Sina shida yoyote, nilipiga kushukuru tu. Kazi njema." Nakata. Deni nitalidai kesho yake kwa barua pepe, na namba ya ankara nitaitaja.

Shukrani isibebe ombi mgongoni. Kwangu hiyo ndiyo adabu ya kwanza, iwe kwa simu, kwa kadi au kwa barua. Hata lile "tunatarajia kuendelea kufanya kazi nanyi" linalofungia barua nyingi mimi huliondoa. Mteja anajua kwamba nataka oda nyingine, haina haja ya kumkumbusha katika siku niliyosema nimekuja kumshukuru. Vilevile "asante kwa kulipa mapema" iliyoandikwa kabla pesa haijaingia. Hiyo ni dai lililovaa nguo ya asante, na mhasibu yeyote mwenye mwaka mmoja kazini analijua.

Kwa upande wa WhatsApp, naitumia kwa jambo dogo la leo: amejibu haraka, ameleta vipimo vya wafanyakazi wapya, amenikumbusha kwamba mkurugenzi husaini hundi Alhamisi. Ujumbe uende siku hiyohiyo, mistari miwili mitatu, na utaje kitu chenyewe. Angalia hizi mbili:

"Asante sana kwa ushirikiano wako mzuri. Ubarikiwe."

"Dada Rehema, vipimo vya wale vijana sita nimevipata. Umeniwekea mpaka urefu wa mikono, kwa hiyo hatutarudia kukata. Asante sana."

Ya kwanza unaweza kumtumia mtu yeyote, na yeye analijua hilo. Ya pili haiwezi kwenda kwa mwingine. Imemwonyesha kwamba umeona alichofanya, mpaka ile mikono ya shati ambayo hakuna aliyemwagiza.

Zile picha za waridi zenye neno asante kwa herufi za dhahabu ziache. WhatsApp huweka alama juu ya ujumbe uliosambazwa, na ule uliokwishapita kwenye mikono mingi hupewa mishale miwili. Mteja akiiona mishale anajua kwamba umemkatia kipande cha keki iliyoliwa tangu asubuhi.

Kosa langu kubwa kwenye njia hii nililifanya Desemba moja. Niliandika ujumbe mmoja mzuri, nikaunakili kwa wateja kumi na mmoja, nikibadilisha jina tu. Wa saba sikubadilisha. Mwalimu mkuu wa shule moja akapokea shukrani zenye jina la mwenye hoteli. Hakujibu. Nilikaa siku mbili na aibu ile, siku ya tatu nikapanda daladala nikaenda shuleni mwenyewe. Alinipokea vizuri, tukanywa chai, lakini najua alichokisoma siku ile: kwamba kwangu yeye ni wa saba kwenye orodha. Siku hizi programu inaruhusu kusahihisha ujumbe ndani ya dakika 15, ila mtu aliyekwisha kuusoma ameshausoma. Sasa nawaandikia mmoja mmoja. Wakiwa wengi sana, nachagua wanne ambao kweli walinibeba mwaka ule, wengine nawatakia heri ya sikukuu bila kusema nawashukuru.

Na tafadhali, usiwaingize wateja kwenye kundi moja ili uwashukuru kwa pamoja. Kila mmoja ataziona namba za wenzake, na namba ya simu ni taarifa binafsi inayolindwa na sheria, Kenya tangu sheria yao ya 2019 na Tanzania tangu ya 2022.

SMS ya kawaida isidharauliwe. Wapo wateja wenye viswaswadu, na wapo wenye simu kubwa ambao bando limekwisha. Herufi zake ni 160 kwa ujumbe mmoja, na ukitia hata kikatuni kimoja cha uso unaocheka, nafasi hushuka mpaka 70 na ujumbe kukatwa vipande. Andika maneno matupu, weka jina lako na la biashara mwishoni, maana huenda namba yako hakuihifadhi.

Ujumbe wa sauti nautumia kwa watu wa aina moja: wale tunaozungumza Kiswahili lakini maandishi yetu hayafanani. Wafanyabiashara wanaotoka Lubumbashi na Goma kuja kuchukua mzigo Kariakoo husema "aksanti," na mazungumzo yetu yana Kifaransa humo ndani. Kwao sauti ya nusu dakika ina joto kuliko aya nzima. Kwa mtu wa ofisini, hapana. Hawezi kuifungua mbele ya wenzake, na hajui kama ndani kuna asante au malalamiko.

Barua pepe na ile sehemu ya nakala

Barua pepe si ya kugusa moyo, na mimi sitegemei imguse mtu. Uzuri wake uko kwenye sehemu ya nakala. Ukimwandikia afisa ugavi wa kampuni binafsi kumshukuru kwa kukupa ratiba ya wazi, ukaweka nakala kwa mkuu wake wa idara, umefanya nusu ya kazi ya barua yenye muhuri kwa dakika tano. Kichwa kiseme wazi: "Shukrani: upokeaji wa sare, tarehe 14 Machi." Usiandike "Asante" peke yake, itapotea kati ya matangazo. Tuma kesho yake asubuhi. Ukituma usiku wa manane inaonekana umeiandika ukiwa umechoka.

Kuna mahali nakala inaumiza. Kama alichokufanyia mtu ni kuipindisha taratibu kidogo kwa wema wake, mathalani amekupokelea mzigo siku isiyo ya kupokea au amekufungulia stoo wakati wa chakula, ukimwekea bosi nakala umemchongea. Nilipoiandika ile barua ya aproni nilimuuliza dada kwanza: "Bosi anajua ulibaki mpaka saa tatu?" Akasema anajua, alimwomba ruhusa kwa simu. Ndipo nikaandika. Angesema hajui, ningempigia simu yeye peke yake na mambo yangeishia hapo.

Lugha? Fuata ile mnayozungumza. Mtu tunayeongea Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, nikimgeukia kwa Kiingereza siku ya kumshukuru, nimemvalia tai. Ila kama bosi anayepewa nakala ni mgeni asiyejua Kiswahili, naandika Kiingereza ili asante ifike inakotakiwa kufika.

Kadi ya mkono au barua yenye muhuri

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya, kwa sababu zote mbili ni karatasi. Kazi zake hazifanani hata kidogo.

Kadi inazungumza na mtu. Haina kumbukumbu namba, haina muhuri, haiendi masijala. Inaandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wako hata kama si mzuri, na inakaa kwenye droo ya meza yake au inakwenda nyumbani. Ninampa kadi mtu aliyeniletea mteja mpya, mwenye duka aliyenikopesha vitambaa msimu mbaya, mteja aliyekubali kusubiri wiki mbili wakati fundi wangu mkuu alipofiwa. Kwa huyo wa mwisho barua rasmi ingekuwa baridi mno. Alinivumilia kama binadamu, namshukuru kama binadamu.

Barua inazungumza na taasisi. Ina tarehe, kumbukumbu namba, anwani yenye S.L.P., na mstari wa YAH. Inapokelewa, inagongwa muhuri wa siku, inaandikwa kwenye daftari, inafunguliwa faili. Watu husema urasimu huo unaua hisia. Kwangu ndio unaoipa asante miguu. Hebu tazama namna ninavyoipanga:

"YAH: SHUKRANI KWA HUDUMA YA MTUMISHI WENU WA STOO

Rejea mzigo wetu wa aproni 240 uliopokelewa tarehe tajwa hapo juu. Gari letu lilichelewa kwa saa nne. Mtumishi wenu, kwa ruhusa ya uongozi, alibaki kazini, akahesabu mzigo wote pamoja na dereva wetu, akagundua aproni tatu zenye mfuko uliopinda na kuzitenga kwa utaratibu. Kwa kufanya hivyo alituokolea safari ya pili, na nyinyi mkapata sare kabla ya wageni wa Ijumaa. Tunaushukuru uongozi, na tunaomba shukrani hizi zimfikie mwenyewe."

Aya moja. Kilichotokea, alichofanya, faida aliyoileta kwa mwajiri wake. Hiyo faida kwa mwajiri usiisahau. Bosi akisoma kwamba mtumishi wake amekupendeza wewe mzabuni, anaweza hata kupata wasiwasi. Akisoma kwamba mtumishi wake alikagua mzigo mpaka akaona mifuko mitatu iliyopinda, anajua ana mtu makini stoo. Niliiweka kasoro yetu ndani ya barua makusudi. Fundi wetu mmoja hakufurahi. Lakini bila zile aproni tatu barua ingekuwa sifa tupu.

Chini yake weka jina kamili la mhusika na cheo chake, usiandike "yule dada wa stoo." Hakikisha herufi. Kuna Khadija na Hadija, kuna Mwanaisha na Mwanaasha, na mtu aliyekosewa jina kwenye barua ya kumsifu ana haki ya kujiuliza kama kweli ni yeye. Kwa ofisi ya serikali tumia "Ndugu" kama wanavyotumia wenyewe. Kwa shule, "Mwalimu." Zanzibar, anza na salamu kabla ya jambo.

Kuipeleka, mimi nampa kijana wetu na kitabu cha kusainisha, asaini aliyepokea mapokezi. Nikipeleka kwa posta kwenye sanduku lao, sijui tarishi wao atapita lini kuchukua.

Watu huniambia hawaandiki kwa sababu hawajui kuandika. Wanaogopa maneno yatakuwa ya ajabu na mpokeaji ataona haya. Mwaka 2018 watafiti wawili, Amit Kumar na Nicholas Epley, walichapisha majaribio waliyofanya juu ya jambo hilohilo. Waliwataka watu waandike barua za shukrani, wakadirie mpokeaji atajisikiaje, kisha wakawauliza wapokeaji wenyewe. Walioandika walikuwa wamekadiria kwamba mpokeaji ataona haya kuliko alivyoona kweli, na wamekadiria furaha yake pungufu. Waandikaji walikuwa wanahangaikia ufundi wa maneno, wapokeaji waliangalia ukunjufu wa moyo. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka baba yangu mdogo, fundi viatu, aliyenunua kadi akakaa nayo wiki tatu mfukoni akitafuta maneno, mpaka mhusika akahamia Dodoma.

Zawadi au maneno matupu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa inapopotea na majina yanapochafuka.

Zawadi kwa mteja binafsi mwenye biashara yake mwenyewe haina tatizo. Ni mali yake, hana bosi wa kumficha. Mwenye hoteli ndogo wa Bagamoyo nimempelekea taulo mbili za jikoni zenye jina la hoteli yake, zilizoshonwa kwa mabaki ya kitambaa cha oda yake mwenyewe. Bwana mmoja wa Unguja nilimpelekea halua, tena nikauliza kwanza ipi anaipenda. Wakati wa Ramadhani, tende na sukari kwa familia inayofunga ni zawadi isiyohitaji maelezo. Chupa ya mvinyo kwa mtu usiyejua dini yake ni bahati nasibu, usiicheze.

Kanga ni zawadi nzuri kwa mteja mwanamke, na ina hatari yake pekee: jina. Doti inasema. Kabla hujafunga, ikunjue usome mstari wote, usitazame rangi tu. "Wema hauozi" unaweza kumpa mtu yeyote aliyekutendea mema. "Japo sipati tamaa sikati" kwa mteja ambaye malipo yake yanasuasua, hata ukiapa hukuona, atakuwa amesoma ujumbe. Mama mmoja muuza kanga pale mtaa wa Uhuru ndiye aliyenizuia mkono siku moja. Aliniuliza kanga ni ya nani, nikamwambia, akairudisha rafuni bila kusema neno, akanipa nyingine.

Kalenda na dayari za Desemba nazitengeneza kama wengine, na zinatundikwa mwaka mzima. Ila sizihesabu kama shukrani. Zina namba zangu za simu kwa herufi kubwa kuliko tarehe. Ni tangazo, na mpokeaji analijua.

Sasa mtu aliyeajiriwa. Miaka kadhaa nyuma nilipata oda ya sare kutoka ofisi moja ya umma. Afisa ugavi alikuwa mtu wa haki, alinifafanulia masharti kwa subira kama alivyowafafanulia wote. Mwezi wa kumi na mbili nikamfungia kikapu: mchele, mafuta, biskuti za watoto. Nikampa dereva wa ofisi ampelekee. Baada ya saa mbili dereva alirudi na kikapu, hakijaguswa, na karatasi ndogo imebandikwa kwenye mafuta: "Asante dada. Sipokei. Ukitaka kushukuru, mwandikie mkurugenzi." Nilikiona kile kikapu mezani kwangu nikajisikia vibaya, kwa sababu sikuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini alikuwa sahihi. Mwezi wa pili zabuni mpya ingetangazwa, na mimi ningeomba. Kikapu kingekaa kati yetu siku ya tathmini, tupende tusipende.

Lugha yetu yenyewe inajua mpaka huu ulivyo mwembamba. Tuna "chai," tuna "ya soda," tuna "kitu kidogo." Tanzania tuliwahi kuwa na "takrima" ndani ya sheria kabisa: marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu wagombea kutoa ukarimu wa jadi, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa viliwapa wenye fedha nafasi ya kununua kura kwa jina la ukarimu. Kama majaji waliona ni vigumu kuzitenganisha takrima na rushwa, mimi na kikapu changu cha mchele tungeweza?

Wengi wanadhani katazo ni la serikali pekee. Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamgusa pia mtu anayefanya kazi kwa niaba ya mwajiri binafsi. Ukimpa mtunza stoo wa hoteli kitu ili akupendelee katika shughuli za mwajiri wake, uko ndani ya sheria ileile ambayo TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wanaisimamia. Kenya wana Sheria ya Hongo ya 2016, na Katiba yao ya 2010, ibara ya 76, inasema zawadi anayopewa ofisa wa serikali katika shughuli ya umma ni mali ya Jamhuri. Kwa hiyo kumtumia mtu wa manunuzi elfu ishirini kwenye simu yake na maneno "ya vocha, asante" usikuite shukrani. Imebaki kwenye kumbukumbu za muamala, na jina lako liko juu yake.

Tangu 2023 zabuni za umma Tanzania zinapita kwenye mfumo wa NeST, na mawasiliano ya zabuni yanafanyika humo. Wakati mchakato uko wazi, mimi simshukuru mtu yeyote wa ofisi hiyo kwa njia yoyote, hata kwa kadi. Nasubiri mkataba umalizike na mzigo upokelewe. Ndipo barua inakwenda kwa mkuu wa taasisi, ikimtaja aliyehudumia vizuri. Barua ya namna hiyo hakuna anayeirudisha.

Ukibaki njia panda kati ya zawadi na maneno, jiulize kama ungempa mbele ya bosi wake na mbele ya mshindani wako wakiwa wamekaa meza moja. Ukiona mkono unasita, chukua kalamu.

Baada ya usaili

Niliulizwa na mpwa wangu, naye anatafuta kazi, kwa hiyo naliweka hapa kwa ufupi. Kampuni binafsi, hasa zenye mabosi waliozoea desturi za Ulaya na Marekani: barua pepe fupi kesho yake, ukitaja jambo moja mlilojadili, bila kuuliza matokeo. Usimtafute mhojaji kwenye WhatsApp yake binafsi. Kazi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira: sema asante ukiinuka kwenye kiti, toka, subiri majibu. Jopo halitakiwi kuguswa, na ujumbe wako, hata uwe wa adabu, unaweza kueleweka kama kubembeleza.

Walinzi na madereva

Usiku ule wa aproni kulikuwa na mtu wa tatu. Mlinzi wa getini alishika tochi muda wote tuliposhusha mzigo, kwa kuwa taa ya nyuma ya stoo ilikuwa imeungua. Kwenye barua yangu kwa meneja sikumtaja. Nilikumbuka baada ya wiki, nikarudi nikamshukuru kwa mdomo, nikampa mkono, akacheka akasema, "Kazi yetu hiyo, mama."

Baadaye nilijifunza kwamba hata ningemtaja, barua isingeingia kwenye faili lake. Hoteli haikumwajiri. Walinzi wengi wa mahoteli na maofisi wameajiriwa na kampuni za ulinzi, na mafaili yao yako huko. Kwa hiyo nikamwandikia mkuu wa operesheni wa kampuni yake: jina, lindo, tarehe, saa, tochi. Ukitaka kujua uandike kwa nani, huna haja ya kuuliza mapokezi. Tazama sare yake. Jina la kampuni limeshonwa begani.